Peni za Malkia na Ukwaju Wangu

Wenzangu, leo mtu mzima nimevuliwa nguo mchana kweupe, na aliyenivua ni mkono wangu mwenyewe. Nimerudi nyumbani sasa hivi, hata buibui sijavua, nimekaa mbele ya kompyuta aliyoniachia mjukuu wangu Salma naandika kwa kidole kimoja. Hasira zimenijaa mpaka kooni na sina wa kumkasirikia. Hilo ndilo linaloniuma khasa.

Wanaonijua wanajua kuwa miye nakusanya sarafu za zamani za Waingereza. Wasionijua, ndiyo, miye Zuhura, bibi wa wajukuu wazima, skuli nimeishia darasa la tatu. Wenzangu wakifika umri huu hukusanya maradhi. Miye nakusanya peni, zile sarafu kubwa za shaba za Waingereza.

Ilianza kwa sufuria. Mwanangu alinipeleka Longbridge, hapa hapa Birmingham, Jumapili moja, kwenye kiwanja ambacho watu hupanga vitu vyao vikuukuu nyuma ya magari wakaviuza. Natafuta sufuria ya wali, nikaona kikopo kimejaa sarafu, na juu kabisa Mfalme George kanigeuzia shavu. Yule yule aliyekuwa kwenye shilingi niliyokuwa nikitumwa nayo dukani mtaani kwetu Ng'ambo nilipokuwa mtoto. Shavu lile lile, kununa kule kule. Nikahisi nimekutana na jirani yetu wa zamani. Nikapatana bei na muuzaji mpaka akaona haya (Waingereza hawawezi kupatana, masikini, wanaona kama ugomvi), nikaondoka na kikopo kizima. Sufuria nikaisahau.

Baadaye mfalme nikamwacha, nikamshika bibi yake wa nyuma, Malkia Victoria. Huyu mwanamke alitawala mpaka akazeeka, na peni zake zimezeeka naye. Ya kwanza ni msichana, shingo ndefu, nywele kazifunga utepe. Ya pili ni mama, nywele kazikusanya kishungi kisogoni. Ya tatu, jamani, ni bibi mtu mzima kajitanda ushungi mpaka mabegani. Kama sisi. Siku nilipoiona ile ya ushungi nilicheka peke yangu. Nikasema huyu tunaelewana.

Basi nikajipangia safu: msichana, mama, bibi. Maisha ya mwanamke mzima kwenye kijisanduku cha mahameli. Hakunifundisha mtu. Nimezitafuta moja moja, jua na mvua (mvua zaidi).

Salma ndiye aliyenipeleka kwenye chama. Huyu mjukuu wangu anasoma kemia chuo kikuu, anakaa Selly Oak na wanafunzi wenzake kwenye nyumba ambayo nikiingia nafumba macho. Alinitafutia chama cha wakusanya sarafu hapa Northfield, kinakutana kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Siku ya kwanza nilisoma bismillahi mlangoni nikatanguliza mguu wa kulia. Wenyewe ni wazee wastaarabu, wanakunywa chai nyepesi na kutazama peni. Mwenyekiti ni Bi Doreen, mwalimu mstaafu, mwembamba kama utambi wa taa, lenzi ya kukuzia haimtoki shingoni. Na yuko Mzee Ken, alifanya kazi kiwanda cha magari mpaka kikafungwa, mke wake kafariki, hana maneno mengi. Huyu huniwekea kiti.

Sasa sikilizeni. Maktaba ya mtaani imewapa chama kabati la kioo, pale pale mlangoni, mwezi mzima, kila mtu apite aone sarafu. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuchagua zitakazoingia. Bi Doreen alishaniambia kuwa safu yangu ataiweka katikati, na chini yake kadi yenye jina langu. Jina langu. Katika nchi hii miye jina langu nimeliona kwenye bili ya umeme na barua za hospitali tu. Usiku sikupata usingizi kwa furaha. Nikawaalika kina mama wote wa darasa letu la Kuruani la Jumapili waje Jumamosi kuniona.

Kulikuwa na upungufu mmoja. Peni yangu ya Victoria msichana imelika, pua hana. Mzee Ken akaona nasikitika, akanitolea yake aniazime. Alipewa na bibi yake mzaa mama alipokuwa mdogo, imekaa naye umri wote. Peni kubwa, nzito, nyeusi kama chokoleti. Alinitilia kiganjani akasema anajua nitaitunza.

Nimeitunza.

Leo asubuhi nimekaa natizama safu yangu, simu ikalia. Mwanajuma. Mnamjua au hamumjui, kila darasa lina Mwanajuma wake. Akaniuliza ati ni kweli tunaitwa maktaba tukatizame vyuma vya kutu. Nikamwambia ni sarafu za malkia. Akanijibu, "Shoga, malkia gani huyo mweusi kama kitako cha chungu? Utatutia aibu mbele za Wazungu. Watasema Waswahili hawajui kusafisha vyombo."

Nikakata simu. Lakini neno lilishaniingia.

Maana ukweli ni kuwa sarafu zangu zilikuwa nyeusi. Za wote chamani ni nyeusi. Wale wazee huvaa glavu nyeupe za pamba wakizishika, na siku zote nilidhani wanavaa ili wasichafuke mikono. Jamani, mngedhani nini nyinyi? Mtu akivaa glavu si anashika uchafu?

Na miye nimelelewa. Kwetu kitu cha shaba hakitoki mbele za watu bila kusuguliwa. Ikija Idi, ikija harusi, mama alitukalisha uani na ukwaju na majivu, tunasugua sinia, tunasugua mrashi wa kunyunyizia marashi, tunasugua chetezo cha udi, mpaka ujione meno. Mgeni akikuta mrashi una kutu, si mrashi uliochafuka, ni wewe. Basi nikajiambia, Zuhura, watu wanakuja kutizama. Unazitoa na kutu?

Nikaroweka ukwaju.

Majivu hapa Birmingham utayatoa wapi, jiko la gesi. Nikatia chumvi badala yake. Nikakamua ndimu. Nikachukua mswaki wa mwanangu (msimwambie), nikakunja mikono, nikaanza na bibi wa ushungi. Wallahi uchafu ulitoka kama maji ya kunde. Chini yake rangi ikachomoza nyekundu, nyangavu, kama samaki changu katoka baharini. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Nikaenda kwa mama wa kishungi. Nikasugua. Halafu nikamkamata msichana wa Mzee Ken.

Huyu nilimhurumia zaidi, kwa kuwa ni wa mtu. Nikasema Mzee wa watu hana mke, nani wa kumsafishia? Karibu na shingo palikuwa na weusi mkaidi, umeganda, umekuwa kama ngozi. Nikaulowesha. Haukutoka. Nikauongezea ndimu. Haukutoka. Nikatwaa kile kisifongo cha nyuzi za chuma cha kusugulia masufuria. Ukatoka.

Nilipomaliza nikazipaka mafuta ya nazi kidogo zilainike. Halafu (hapa ndipo mtakaponicheka) nikazifukiza udi. Sikutaka zinuke ndimu.

Kwenye basi nilikaa na kijisanduku mapajani kama nimebeba mtoto wa siku saba. Kila mara nakifunua kidogo. Kijua cha Birmingham, kile cha kuombea dua, kikazipiga, zikanimulika usoni. Mwanamke wa kiti cha mbele akageuka, nadhani ni ule udi.

Nikafika ukumbini. Wazee wameshapanga sarafu zao juu ya meza ndefu, kila mtu na trei yake, na zote, masikini, nyeusi tii. Niliwaonea huruma. Niliona haya kwa niaba yao. Nikapita nikizitazama trei moja moja, nikitikisa kichwa, kama mkaguzi wa afya kaingia mkahawani. Nikamwambia Bi Doreen kwa Kiingereza changu cha sokoni kuwa asiwe na wasiwasi, wiki ijayo waniletee za chama kizima, nitazifanya zote, sitaki malipo.

Akaniuliza nitazifanya nini.

Nikafunua kijisanduku.

Mnajua ule ukimya wa msibani, pale mtu anapouliza marehemu yuko wapi na kila mmoja anangoja mwenzake ajibu? Ukimya huo. Kijiko kimoja kilikuwa kinakoroga chai, kikasimama. Bi Doreen akanyanyua lenzi, akaiinamia meza, akatazama bibi wa ushungi, akatazama mama wa kishungi, akanusa. Akashusha lenzi. Uso wake ulikuwa mweupe tokea zamani, lakini leo ulipata weupe wa ziada.

Na miye, mwehu, nilidhani wamestaajabu! Nikawaambia ni ukwaju. Nikawaeleza na chumvi. Nikaonyesha kwa mikono namna ya kusugua. Mzee mmoja wa mwisho wa meza akakaa chini polepole. Nikaona huyu uzee, nikaendelea na ndimu.

Ndipo Mzee Ken akaja. Wakampisha njia. Hakuvaa glavu. Akaitoa peni yake kwenye mahameli, akaigeuza, akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaigeuza tena. Akapitisha kidole gumba karibu na shingo ya yule msichana, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Hapa palikuwa na weusi," akasema.

"Palikuwa nao," nikamwambia kwa furaha. "Umenitesa huo, Mzee Ken. Lakini nimekutolea wote."

Akaendelea kupitisha kidole. Kisha akasema taratibu, kama anayemwelekeza njia mgeni, "Bibi yangu alikuwa akiishika hapo. Kila siku, akiwa ameketi. Nami nilipopewa nikawa naishika hapo hapo."

Wenzangu. Kiingereza changu kidogo, lakini hicho nilikielewa chote.

Wakati huo ndio Salma akaingia mbio, kachelewa, katoka darasani kwake, kateremka kwenye treni, anahema. Akatazama nyuso. Akatazama kijisanduku. Salma husikia Kiswahili chote, lakini hujibu Kiingereza, hata nikimgombeza. Leo kwa mara ya kwanza ulimi wake ulipata Kiswahili safi, tena mbele ya watu.

"Bibi, umefanya nini?"

Nikamwambia nimesafisha. Akanivuta pembeni akanieleza. Ati sarafu ya zamani haisafishwi. Ati ule weusi si uchafu, ni ngozi yake, umri wake, ndio watu wanaoulipia. Ati glavu wanavaa ili mikono yao isizichafue peni, si ili peni zisiwachafue wao. Ati kila mkusanya sarafu duniani anajua hivyo, ndiyo maana hakuna aliyenitajia, kama ambavyo humwambii mtu asioshe Kuruani kwa sabuni. Na ukwaju, anasema, ni asidi. Nimemlea mtoto huyu kwa mchuzi wa ukwaju aje aniambie ukwaju ni asidi.

Nikauliza, "Haziwezi kurudi?"

"Hapana, Bibi."

Nikarudi mezani. Nikasimama mbele ya Mzee Ken, nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nitaipika kwenye chai kavu mpaka irudi weusi, nitaifukia kwenye bustani ya mwanangu, nitaishika miye mwenyewe mahali pale pale kila siku mpaka nife. Salma akafasiri, hilo la chai akaliruka, nilimsikia. Nikamwambia lifasiri. Akalifasiri.

Mzee Ken akacheka. Si kwa meno, kwa mabega. Akasema hapana haja, itarudi weusi yenyewe.

Nikauliza baada ya muda gani.

"Miaka mia hivi."

"Inshallah," nikamjibu.

Akairudisha peni kwenye kijisanduku changu, kwenye nafasi yake. Sikuelewa kwa nini. Mtu umemharibia kitu cha bibi yake, anakurudishia? Akasema safu ni ya watatu, na yeye hatomtoa msichana katikati ya safari. Halafu akaenda kujimiminia chai, mgongo katupa. Nilitamani anitukane. Kwetu mtu ukimkosea anakusema, unalia, mnakula pamoja, yanaisha. Hawa wanakunywa chai.

Nikaanza kufunga kijisanduku changu nijiondokee. Kabati la kioo basi tena, jina basi tena, Jumamosi kina mama watakuja watakuta nafasi yangu kabatini tupu. Bi Doreen akanizuia mkono. Akaanza kuzungukazunguka kama mwalimu anayetaka kukwambia mtoto wako kafeli. Akasema kila mwaka watu huharibu sarafu zao kwa kuzisugua, chama kimekuwa kikitafuta siku nyingi mfano wa kuwaonyesha, na haujapata kutokea mfano ulio... akatafuta neno, Salma akainamisha kichwa... ulio kamili namna hii.

Safu yangu inaweza kuingia. Katikati, kama alivyoahidi. Ila kadi itakuwa nyingine.

Akaiandika pale pale kwa mwandiko wake wa ubaoni, Salma akanisomea: ZIMEHARIBIWA KWA KUSAFISHWA. TAFADHALI USIFANYE HIVI.

Kisha akasema kwa upole kuwa jina langu hawatoliandika, asijue mtu. Heshima yangu itahifadhiwa.

Mngeniona nilivyosimama pale. Kichwa kimoja kinaniambia shukuru, chukua sitara hiyo, nenda nyumbani. Kichwa cha pili kinaniambia Zuhura, peni zako zitakaa kwenye kioo mwezi mzima kama mtoto aliyeokotwa, hana baba wala mama. Nimezitafuta miye. Nimezipatania bei miye. Na kuziharibu nimeziharibu miye, hakunisaidia mtu.

"Andika jina," nikamwambia.

Salma akanishika mkono. "Bibi, una hakika? Watu watasoma."

"Liandike lote, la baba yangu pia. Na chini uandike peni ya msichana ni ya Mzee Ken, yeye hana kosa."

Mzee Ken kule kwenye birika akageuka. Alirudi na vikombe viwili. Kimoja akakiweka mbele yangu. Kilikuwa na sukari ya kutosha, kwa mara ya kwanza toka nijiunge na chama kile. Nikakinywa chote, machozi yananitoka, nikisingizia moto.

Nimeliona jina langu kwenye kadi. Kusoma Kiingereza sijui, lakini herufi zangu nazijua. Zimekaa vizuri. Zimekaa vizuri mno kwa maneno yaliyo juu yake.

Sasa kabla sijakaa kuwaandikia, simu ililia tena. Mwanajuma, hana subira. Akauliza zimechaguliwa? Nikamwambia zimechaguliwa, zimewekwa katikati. Akanyamaza kidogo (raha iliyoje). Akauliza, na jina lako lipo? Lipo, kubwa. Akauliza, zinang'aa? Nikamwambia katika kabati lile zote, Mwanajuma, zangu ndizo zinazong'aa peke yake. Akasema mashallah, Jumamosi anakuja na darasa zima, na kamera.

Sikusema uongo hata neno moja, Mungu shahidi.

Basi nawaomba, wenzangu mlioko Birmingham. Jumamosi karibuni nyote maktaba, vaeni vizuri, tizameni, pigeni picha. Wajukuu tu waacheni nyumbani, maana ndio wanaojua kusoma Kiingereza.